Chumba cha mgeni kina kufuli, mgeni analala saloni

Katika kartiye nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Uvira kuna chumba kimoja ambacho hata watoto wa nyumba wamekatazwa kuingia. Kina rido ya kung'aa, kitanda kilichotandikwa shuka ambalo halijawahi kulaliwa, maua ya plastiki juu ya kabati la vioo, na kufuli nje ya mlango. Kinaitwa chumba cha mgeni. Katika nyumba hiyo hiyo, hatua tatu kutoka mlango huo, familia iliyokimbia vita Masisi, Rutshuru, Kalehe au Fizi inalala saloni, juu ya bashi lililotandikwa kati ya miguu ya fotei. Inaamka alfajiri kabla baba mwenye nyumba hajapita kwenda kazini. Inakunja vitu vyake, inavificha nyuma ya kiti, kisha inangojea usiku mwingine.

Jambo hili linafaa kusemwa wazi. Chumba kile si cha mgeni. Ni cha macho.

Si haki kuwatukana wenye nyumba. Wao ndio wamebeba mzigo wa vita hii kuliko wengi. Wakubwa wakizungumzia wakimbizi wa ndani, watu hufikiria kambi na mahema meupe. Ukweli ni kwamba wengi wa waliohama nchini Kongo hawako kambini. Wako katika familia za mapokezi: kwa shangazi, kwa binamu, kwa jirani wa zamani, kwa mwamini wa kanisa moja au msikiti mmoja, na hata kwa mtu ambaye hawakumjua kabla ya siku ile. Na mwezi Februari 2025, kambi kubwa za pembeni mwa Goma kama Bulengo na Lushagala zilipoachwa tupu, wasio na nyumba ya kurudia waligonga tena milango ya watu. Kwa hiyo chumba kidogo cha mgeni si jambo la urembo tu. Katika Kivu, hicho ndicho makao ya kwanza ya mtu aliyepoteza nyumba. Namna kinavyopangwa ndiyo inaamua kama mtu huyo atalala usingizi au ataviziana na giza hadi asubuhi.

Lakini kubeba mzigo hakumzuii mtu kuambiwa kwamba ameubeba vibaya. Mwenye nyumba aliyefungua lango la parseli na kufunga mlango wa chumba amefanya nusu ya wema, na nusu iliyobaki ameiachia kabati la vioo.

Methali inayotumiwa vibaya

Kila mara jambo hili linapotajwa, mtu mmoja hujibu kwa methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ni nzuri, lakini haikutungwa kwa ajili ya mama aliyetoka Masisi na watoto wanne, mmoja mgongoni. Ilitungwa kwa mgeni aliyekuja kutembea, mwenye nyumba yake na shamba lake, aliyejua siku ya kurudi. Mkimbizi hajui siku hiyo. Zaidi ya hayo, mkimbizi wengi wanamfahamu kama mtu aliyeshika jembe tangu siku ya kwanza, si ya tatu: anateka maji, anafua, anapika, anachunga watoto wa mwenyeji. Jembe tayari analo. Kinachokosekana ni kitanda.

Wazee wana methali nyingine ambayo watu wanaisahau haraka: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ya tatu inasema mgeni ni kuku mweupe, yaani kila mtu anamwona, hana pa kujificha. Anayelala saloni ndiye huyo kuku. Anabadilisha nguo ambapo watu wanapita. Ananyonyesha ambapo wageni wengine wanakaribishwa chai. Akiugua, anaugua mbele ya televisheni. Msichana wa miaka kumi na nne analala mahali ambapo kila mwanaume wa nyumba lazima apite usiku akienda chooni. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Kila mama anayesikiliza ameelewa.

Chumba kidogo kina hesabu yake

Utetezi wa kwanza wa wenye nyumba ni kwamba chumba ni kidogo. Ni kweli. Vyumba vingi vya mgeni katika nyumba za mbao za Goma havizidi mita 3 kwa mita 2 na nusu. Hiyo ni mita 7.5 za mraba. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika mengi ya misaada duniani huvitumia, vinataka angalau mita 3.5 za mraba kwa kila mtu ndani ya makao. Basi chumba hicho kinatosha watu wawili na kubaki kidogo. Mama na watoto watatu wakiingia, tayari wamebanana.

Ndiyo sababu kila kitu kinachowekwa humo kinamnyang'anya mtu nafasi yake. Fotei mbili, kabati la vioo na meza ya chini ya kuwekea maua vinakula zaidi ya mita 2 za mraba. Hiyo ni nafasi ya mtoto kulala na kunyoosha miguu. Katika chumba kikubwa, pambo ni pambo. Katika chumba kidogo, pambo ni mpangaji asiyelipa kodi.

Chumba kidogo kinapambwa kwa kutoa, si kwa kuongeza. Fotei zirudi saloni, ambako ndiko kwao. Kabati la vioo liende kwa mwenye nyumba, au liuzwe. Fundi wa mbao yeyote atasema kwamba kutengeneza kitanda cha kawaida cha mikalitusi hakushindi kutengeneza fotei yenye sponji na kitambaa cha maua. Aliyepata pesa ya fotei alikuwa na pesa ya kitanda.

Kinachofaa kuingia ndani

Cha kwanza ni kitanda, na kiwe cha ghorofa ikiwa fundi anaweza kukitengeneza imara. Kitanda cha nafasi moja chenye upana wa sentimita 90 na urefu wa mita 1 na sentimita 90 kinakula chini ya mita 2 za mraba. Kikiwa na ghorofa, nafasi hiyo hiyo inalaza watu wawili, au mama chini na watoto wawili wadogo juu, mradi juu kuwe na ubao wa kuzuia mtoto asianguke. Ikishindikana, chini ya kitanda cha kawaida kuwe na godoro jingine linalovutwa usiku na kusukumwa asubuhi. Godoro linalokaa juu ya mbao halishiki unyevu kama linalokaa juu ya udongo au juu ya mawe ya volkano.

Cha pili ni chandarua. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria tu. Hata hivyo kuna nyumba ambazo chandarua kilichogawiwa bure kimezungushiwa bustani ya mboga, na juu ya kitanda cha mgeni kumetundikwa pazia la harusi. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa, kisha kifungwe kwa misumari minne ya dari na kuchomekwa chini ya godoro. Hilo ndilo pambo la kwanza la chumba. Mtoto anayelala chini, sakafuni, mara nyingi analala nje ya chandarua kwa sababu hakuna pa kukichomeka.

Cha tatu ni ukuta. Nyumba ya mbao ina nyufa, na Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi, na Butembo ni baridi zaidi. Kwa ndani, nyufa zizibwe kwa vipande vya mbao, tripleksi au kartoni nzito, na juu yake chokaa nyeupe. Chokaa hufanya chumba kidogo kionekane kikubwa na hupunguza haja ya taa mchana. Pesa ya rido ya kung'aa inunue blanketi mbili. Uvira, kando ya Tanganyika, mambo ni tofauti. Huko joto ndilo adui, na kinachohitajika ni dirisha linalofunguka lenye wavu wa kuzuia mbu. Mwenye nyumba wa Uvira anayeziba dirisha kwa rido nzito ili chumba kifanane na alichokiona kwenye simu anampika mgeni wake.

Cha nne ni misumari. Safu moja ya misumari au vigingi ukutani, kwa urefu wa bega, inachukua nafasi ya kabati. Nguo zinaning'inia, mfuko unaning'inia, watoto wana mahali pa daftari. Chini ya kitanda kuwe na sanduku moja la bati au la mbao lenye kufuli lake, na ufunguo akabidhiwe mgeni. Ndani yake atatunza kadi ya mpiga kura, ambayo katika nchi hii ndiyo kitambulisho cha watu wengi, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, na kadi ya chanjo ya mtoto. Aliyekimbia akiwa amebaki na karatasi tatu tu hawezi kuziweka nyuma ya fotei ya watu na kulala kwa amani.

Cha tano ni komeo la ndani. Vyumba vingi vya wageni vina kufuli nje na havina kitu ndani. Hilo linaonyesha chumba kilijengwa kwa ajili ya nani: kilijengwa kulinda vitu dhidi ya watu. Komeo la ndani linamlinda mtu. Ni kipande cha chuma na misumari minne, na hakuna pambo lolote sokoni linaloshinda hilo.

Pamoja na hayo kuwe na taa ndogo ya sola, ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya usiku pale choo kilipo mbali uwanjani, na bidoni moja ya maji iliyo ya mgeni. Orodha imeisha. Anayetaka kuongeza kitu cha uzuri aongeze kitambaa cha kitenge juu ya kitanda. Hicho kinafunika pia.

Kisichofaa kuingia kamwe

Mbabula yenye makala isiingizwe chumbani kwa ajili ya joto. Kila msimu wa baridi watu wanarudia kosa hili. Wanafunga mlango na dirisha, na moshi usioonekana wa makala unawaua wakiwa usingizini. Haunuki, haukohozi, na chumba kikiwa kidogo ndivyo unavyojaa haraka. Blanketi ya pili ni nafuu kuliko jeneza.

Goma ina hatari nyingine ambayo mgeni kutoka milimani haijui, na mwenyeji ana wajibu wa kumwambia: mazuku. Hii ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, hasa upande wa magharibi wa mji kuelekea ziwa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inakusanyika mabondeni na katika mashimo, na aliyelala chini hupatwa kabla ya aliyesimama. Kitanda kirefu hakitoshi kuwa kinga. Chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa uwanja, mahali ambapo majirani wanajua kuku na mbuzi hufa bila ugonjwa, kisimlaze mtu yeyote hata usiku mmoja, awe mgeni au mwenyeji.

Majibu ya wanaopinga

Wapo wanaosema: wakistareheshwa hawataondoka. Maneno haya yanasemwa kwa sauti ya chini, lakini yanasemwa. Jibu lake liko mashambani. Mtu aliyeacha mihogo, maharagwe, ng'ombe na kaburi la baba yake hazuiliwi mjini na godoro la sponji. Anazuiliwa na risasi barabarani. Usalama ukirudi, wengi hurudi hata kabla ya kuambiwa, kuwahi msimu wa kupanda. Kumlaza mtu vibaya hakuharakishi amani.

Wengine wanasema: vitu hivi ni jasho langu, na watoto watavivunja. Hilo ni kweli pia, na ndiyo sababu vitu vinavyovunjika havifai kuwekwa katika chumba cha watu. Kitanda cha mikalitusi hakivunjwi na mtoto. Kabati la vioo ndilo linavunjwa, kisha mama mgeni anatukanwa mbele ya watoto wake kwa ajili ya glasi sita ambazo hakuna aliyewahi kunywea.

Wapo pia wanaosema: chumba kinangojea mgeni wa heshima, huenda mchungaji, huenda ndugu kutoka Kinshasa au Ulaya. Ndugu wa Ulaya atakuja mara moja kwa miaka mitano na atalala hoteli. Mchungaji akija na kukuta chumba kimejaa watu waliokosa makao, atajua amefika nyumba ya nani.

Na wote hao wakumbuke historia ya mji wao. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilikata Goma katikati na watu wakakimbilia Gisenyi na kwingine. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye amri ya kuhama ilipotolewa, mamia ya maelfu ya watu wa Goma walitoka kwa miguu, kwa pikipiki na kwa maboti kuelekea Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Wenye kabati za vioo na wenye mabashi walitembea barabara moja. Wengi walilazwa na watu maskini kuliko wao, katika nyumba zisizo na chumba cha mgeni kabisa, na wenyeji wale waliwaachia vitanda vyao wenyewe. Sake iliyowapokea wakati ule, baadaye watu wake wenyewe walilazimika kukimbia vita kuja Goma. Kuna waliofika na kukuta kufuli.

Lawama nyingine iko kwa wakubwa

Hata hivyo, itakuwa ni uonevu kumwachia mwenye nyumba lawama zote. Misaada ya vita hii kwa muda mrefu imekwenda mahali ambapo kuna hema la kupigwa picha. Anayelala kambini anahesabiwa. Anayelala saloni ya shangazi hahesabiwi, na shangazi mwenyewe hahesabiwi zaidi. Sufuria iliyopika kwa watu sita sasa inapika kwa watu kumi na tatu. Choo kilichochimbwa kwa familia moja kinajaa kabla ya wakati, na kodi ya mwezi haijapungua.

Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani, uliopitishwa Kampala mwezi Oktoba 2009, unataja kwamba msaada unaweza kufikishwa pia kwa jamii zinazowapokea, pale inapofaa. Basi inafaa hapa. Shirika linaloleta bashi na sufuria kwa familia ya mapokezi liongeze mbao, misumari, godoro, chandarua na komeo. Vitu hivyo vinatengenezwa hapa hapa na mafundi wa hapa, na mfanyakazi wa kwanza kulipwa anaweza kuwa seremala aliyehama na msumeno wake. Machifu wa avenyu na wa nyumba kumi, wanaojua kila parseli na kila mgeni aliyelala, waandike orodha ya kweli bila kuomba kitu kwa ajili ya jina kuandikwa. Kuuza nafasi kwenye orodha ni wizi, hata ukiitwa pesa ya karatasi.

Naye mgeni ana sehemu yake. Chumba anachopewa akitunze. Akipata kazi ya siku, achangie chumvi, sabuni au makala, hata kidogo. Watoto wake wafuate saa za nyumba. Jambo la kero lizungumzwe mapema na baba na mama wenye nyumba, si kwa majirani kisimani. Ikiwa mwenyeji anataka chumba chake, aseme siku na atoe muda, na mgeni asikie bila uadui. Heshima ikiwa upande mmoja tu haidumu miezi miwili.

Lakini wa kuanza ni mwenye ufunguo. Jumamosi moja inatosha. Asubuhi fotei zitoke, mchana fundi apigilie vigingi na komeo, jioni chandarua kitundikwe. Usiku huo mama aliyelala miezi mingi kati ya miguu ya viti aambiwe, mbele ya watoto wake: mama, chumba chenu ni hiki, fungeni kwa ndani.